Aliyefika Saa Nane Kamili

Ofisini walimwita Babu, ingawa hamsini alikuwa hajaigusa. Meno yake yote yalikuwepo kinywani, na ngazi za ghorofa ya tatu alizipanda bila kushika ukuta. Ila waandishi wa programu wenzake wengi wao bado walikuwa wakifuliwa nguo na mama zao, na mbele ya watu kama hao mwenye mvi ni babu tu, hana pa kukata rufaa. Jina alilipokea kwa roho safi. Alisema linampa ruhusa ya kusinzia mchana.

Kusinzia hakusinzia, lakini aliota macho wazi. Meza yake ilikuwa dirishani. Chini kulikuwa na karakana ya seremala yenye paa la mabati mapya, na jua la asubuhi lilipoyapiga yale mabati, mwanga ulipanda mpaka kwenye dari ya ofisi ukawa unachezacheza pale juu. Babu aliutazama vidole vikiwa juu ya vibonye, kichwa kimeinama upande kidogo. Ukimpita ungeapa kwamba ana jambo zito kichwani. Mara nyingi alikuwa anaisikiliza tu feni ya kompyuta yake, jinsi inavyovuta pumzi kama mtu anayetaka kusema kitu halafu anaghairi.

Maoni alikuwa nayo ya kutosha mtaa mzima, na hakuwa mchoyo nayo. Mkutano, alisema, ni mahali ambapo kazi hupelekwa ikapumzike. Simu nazo zimewaharibu watu: siku hizi mtu anakuuliza uko wapi kabla ya kukuuliza hujambo. Na zile programu mpya zenye akili, zinazojibu kila kitu, hazikumbabaisha.

"Zinajibu upesi mno," alisema. "Mtu anayekujibu kabla hujamaliza swali hajakusikiliza. Kazi yetu hii ni kusikiliza. Kuandika ni kunakili tu ulichosikia."

"Haya, Babu," walimjibu vijana, vidole vikiwa mbioni.

Aliyekuwa akiitangaza kazi yake mtaani ni mama yake, na aliitangaza vibaya. "Mwanangu anaandika kodi," aliwaambia majirani, kwa kuwa ndivyo alivyowasikia wale vijana wakisema kwa Kiingereza chao siku walipokuja nyumbani. Majirani nao kodi wanayoijua ni moja. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alipunguza salamu, na mwenye duka kila alipomwona Babu anapita aliingiza nusu ya bidhaa ndani. Ikabidi Babu azunguke mlango kwa mlango kueleza kwamba yeye anaandika maagizo ya kuiongoza mashine, na kodi ya mtu haijui wala hana haja ya kuijua. Fundi cherehani alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamwomba amsaidie kupunguziwa.

Lakini maoni yaliyokuwa yake hasa, yale ya kufa nayo, yalihusu saa. Kompyuta zote za dunia zinaanza kuhesabu siku usiku wa manane, na jambo hilo lilimkera kuanzia siku ya kwanza alipojifunza kazi.

"Siku inazaliwa gizani, watu wamelala, hakuna hata shahidi," alisema. "Sisi tunaanza kuhesabu jua likitoka. Saa moja ni moja kwa sababu ndiyo ya kwanza. Kuna ugumu gani hapo?"

"Ugumu ni kwamba mashine haijui jua, Babu," alimjibu binti wa meza ya jirani. Huyu walimwita Chapchap. Aliandika kwa kasi hadi herufi zilikuwa zimefutika kwenye vibonye vyake, na alikuwa mmoja tu pale ofisini aliyembishia Babu uso kwa uso, kwa kuwa alimpenda.

"Basi ifundishwe adabu," alisema Babu.

Mateso yenyewe yalitokana na hospitali ya macho. Kampuni yao ndiyo iliyoitengenezea hospitali hiyo programu ya miadi: nesi anaandika jina la mgonjwa na wakati, na siku moja kabla programu inampelekea mgonjwa ujumbe kwenye simu. Wakati ulikwenda kama unavyoandikwa na mashine, 8:00, na wagonjwa, wengi wao wazee, wakausoma kama wanavyosoma saa zao. Mtu aliyeitwa asubuhi akaja mchana, aliyeitwa mchana akaja asubuhi akiwa na chakula chake kwenye kitambaa. Babu aliomba ruhusa ya kuzibadili saa hizo mpaka wakubwa wakachoka kumkatalia. Mchana mmoja mtulivu, feni ikivuta pumzi na seremala akipiga randa kule chini, aliingia pale miadi inapohifadhiwa akaelekeza kila saa ipunguzwe sita. Nane ikawa mbili. Alikaa akaitazama ile mbili kwa raha, kama mtu aliyemrudisha mtoto kwao. Kwa raha hiyo hiyo akasahau kumwambia mtu yeyote.

Siku chache baadaye Chapchap alisimama kando ya meza yake. Kazi ya Chapchap ilikuwa upande wa pili, pale ujumbe unapotoka kwenda kwenye simu.

"Babu, nina zawadi yako," alisema. "Zile saa za hospitali nimekubadilishia. Na ujumbe ulikuwa mrefu, unakatika vipande viwili njiani, kwa hiyo nimetoa maneno yasiyo ya lazima. Tafadhali, karibu sana, na mengineyo. Uutazame kwanza kabla sijauachia?"

Wakati huo kile kipande cha mwanga kilikuwa kimefika kwenye kona ya dari, kinatetemeka pale kama maji ndani ya ndoo.

"Sawa, mjukuu wangu," alisema Babu. "Vizuri kabisa."

Hakuwa amesikia hata neno moja.

Nyumbani aliishi na mama yake. Mama alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, la kulia likiwa limeziba kuliko la kushoto. "Nilizaa wawili nikafunga kazi," aliwaambia waliomjulia hali. "Sasa huyu wa tatu ameingia jichoni, na baba yake simjui." Aliiona dunia kama mtu anayeitazama kupitia maji yaliyooshewa mchele. Sufuria alizijua kwa sauti, watu kwa hatua zao, na jioni alikaa barazani akiwa ameuelekeza uso kule kulikokuwa na mwanga, akisema leo machweo yana rangi ya maziwa, kama jana.

Kitu kimoja kilimsumbua, na hakukificha.

"Eti una mvi," alimwambia mwanawe.

"Wanasema."

"Njoo hapa." Akampapasa kichwa, mbele mpaka kisogoni. "Kwa mkono ni nywele zile zile. Mimi sura niliyo nayo ni ya yule kijana uliyekuwa kabla jicho halijaziba. Sitaki nife nikiwa na picha ya zamani."

"Hufi, mama. Unakwenda kufunguliwa jicho tu."

"Sijasema nakufa. Nimesema sitaki."

Daktari bingwa wa macho alitoka mbali sana, na alikuja pale kwao akipata nafasi. Akija anafanya kazi asubuhi moja, anaondoka, na hakuna anayejua atarudi lini. Mama alikuwa ameshamkosa mara moja kwa sababu ya homa. Kwa hiyo ujumbe ulipoingia kwenye kile kisimu chake kidogo, alikibeba kwa mikono miwili mpaka kwa mwanawe jikoni.

"Nisomee."

Babu alikuwa anakoroga uji. Akatupa jicho: Upasuaji wa jicho ni kesho saa 8. Njoo na msindikizaji. Ile nane ameiona maisha yake yote kwenye kona ya skrini kila anapofika kazini, na macho yake yakaisoma bila kumuuliza.

"Kesho saa mbili asubuhi," alisema. "Uje na mtu. Mtu ni mimi."

"Utanishika mkono?"

"Mpaka mlango wa chumba cha upasuaji."

Asubuhi waliwahi. Ukumbi wa hospitali ulikuwa mrefu na mweupe, wenye benchi za mbao ukutani na mapazia mepesi yaliyokuwa yakijaa upepo na kushuka. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, bado ina unyevu, na mwanga wa madirisha ulikuwa umelala juu yake. Hapakuwa na mtu mwingine. Nesi alimtia Mama matone ya kupanua mboni, akamwambia afumbe macho angoje yafanye kazi. Babu akakaa pembeni yake, mkono wa Mama ndani ya mkono wake, akawa anatazama mapazia yakipumua. Aliwaza kwamba hivi ndivyo dunia ingekuwa kama ingepangwa na mtu mwenye busara: kimya, mwanga, hakuna foleni, hakuna anayemsukuma mwenzake. Aliona hata fahari kidogo. Programu iliyowapanga watu hawa aliiandika yeye.

Nesi akarudi, karatasi mkononi, uso umemkunjamana.

"Mbona mko peke yenu? Nina watu kumi na wawili hapa. Daktari ameshanawa mikono, ananiuliza wako wapi, sina la kumjibu. Saa saba gari linamfuata, na akiondoka ndiyo basi, hatujui tena mpaka lini."

"Watakuja," alisema Babu kwa upole. Akatoa kisimu cha Mama mfukoni akizime kisije kikalia ndani. Ujumbe ulikuwa bado umefunguka, na kwa kuwa pale ukumbini palikuwa kimya na hakuwa na la kufanya, akausoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayemsomea mwingine.

"Kesho saa nane."

"Saa nane?" aliuliza Mama, macho kayafumba. "Si ulisema saa mbili?"

Mbele yake lile benchi tupu halikuwa tulivu tena. Aliwaona wote kumi na mmoja majumbani kwao, wameshaoga, wamekaa vitandani na nguo zao za kutokea, wanangoja saa nane mchana kama walivyoagizwa. Na sauti ya Chapchap ikamjia kama inayotoka chumba cha pili, neno kwa neno, yote aliyokuwa ameyaacha yapite: zile saa za hospitali nimekubadilishia. Yeye alitoa sita kwenye nane, ikabaki mbili. Binti akatoa sita nyingine kwenye mbili, na mashine, isiyojua jua, ikazunguka nyuma ya saa ikatokea kwenye nane tena. Mtu wa ofisini akiitazama anaona nane yake aliyoizoea, haoni kasoro. Anayedanganyika ni yule anayesoma saa kwa Kiswahili, yule ambaye Babu alikuwa akimpigania miaka yote.

Akampigia Chapchap.

"Lakini Babu, nilikuuliza," alisema binti. "Nilikuuliza kabla sijaachia, ukasema sawa."

"Nilisema sawa, mjukuu wangu. Sikuwa nimekusikiliza. Kosa ni langu, wewe huna kosa. Sasa chukua majina ya chini, mimi napiga ya juu."

Alikuwa ameshampata mtu wa kwanza, mama mmoja mwenye duka aliyeng'ang'ana kwamba ujumbe unasema saa nane na yeye hadanganyiki na matapeli wa simu, wakati nesi alipoufungua mlango na kumwita Mama.

Babu akasimama, simu sikioni, mkono mwingine umemshika Mama. Yule mwenye duka alikuwa anataka kujua jina lake kamili na nani amempa namba hii. Ukimkatia, hapokei tena. Nesi alikuwa anangoja, daktari ndani anangoja.

Mama akayafumbua macho yake, mboni zimejaa matone. Akauchomoa mkono wake polepole.

"Waite wenzangu," alisema. "Ule pale mweusi si mlango? Naufikia."

Akaenda, nesi upande mmoja, kiganja chake kikiteleza ukutani upande wa pili. Babu aliutazama mgongo wake mdogo mpaka mlango ukafungwa. Alimwahidi mpaka mlangoni, na hakumfikisha. Akawa anasema na yule mwenye duka kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia, na pengine ndiyo iliyomfanya yule mama aamini. "Haya, nafunga duka," alisema. "Usilie, baba, nakuja."

Wakaanza kuingia. Mmoja aliletwa na jirani juu ya pikipiki, amemkumbatia dereva kama mtoto. Mwingine alikuja na kandambili za jozi tofauti. Mwenye duka alifika na funguo zake shingoni, akamtazama Babu kwa jicho lake moja zima, akamsonya, akakaa. Benchi likajaa. Nesi alitia matone akienda akirudi, mlango ukafunguka na kufungwa, na kila ulipofunguka Babu aliinua kichwa. Mama alitolewa, jicho limefunikwa kwa pamba na plasta, akalazwa kwenye benchi la mwisho karibu na dirisha. "Ameniondolea mtoto wangu," alisema, "wala hakulia." Babu alicheka, kisha akageuka kurudi kwenye simu, kwa sababu kulikuwa na namba moja iliyokuwa haipatikani.

Aliipiga namba hiyo asubuhi nzima. Simu ilikuwa imezimwa. Nesi hakujua nyumba ya mwenyewe, karatasi ilikuwa na jina tu. Saa saba gari likafika, na daktari, Mungu amzidishie, akajifanya hasikii honi mpaka alipommaliza mtu wa mwisho aliyekuwepo. Kisha akavua glavu, akampa nesi mkono, akapita ukumbini haraka akiwaitikia watu wanaomwombea dua. Gari likaondoka.

Wagonjwa nao wakachukuliwa na watu wao. Ukumbi ukarudi kuwa mweupe na mrefu. Mama alikuwa anasinzia, na mwanga wa mchana ulikuwa umehama ukutani ukapanda karibu na dari, pale Babu alipozoea kuutazama. Hakuutazama. Alikuwa ameukodolea mlango.

Saa nane kamili ukafunguka.

Aliingia mzee mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inasimama, kifungo cha juu kimefungwa. Mkewe alimshika kiwiko. Macho yote mawili ya mzee yalikuwa meupe.

"Habari za mchana," alisema, akiuelekeza uso pale aliposikia mtu anapumua. "Tumeitwa saa nane. Nadhani hatujachelewa."

"Amenisumbua tangu jana," alisema mkewe akicheka. "Nimemsomea ujumbe mpaka ulimi umechoka. Simu yenyewe tukaizima, betri isije ikaisha tukakosa cha kuonyesha mlangoni." Akaiwasha, ikalia mlio mdogo wa furaha, akamnyooshea Babu.

"Zamani walituandikia saa zao," alisema mzee. "Mpaka umtafute mtu akutafsirie. Safari hii nikasomewa saa nane tu, bila zile sufuri zao, nikamwambia mke wangu, huyu aliyeandika ni mwenzetu. Huyu anajua tunavyohesabu. Nitakwenda saa hiyo hiyo aliyosema, sipunguzi wala siongezi."

Miaka yote Babu alikuwa akimtafuta mtu wa kuyakubali maoni yake namna hii.

"Mzee wangu," alisema, "daktari ameondoka. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Ujumbe ulikosewa, na aliyeuandika ni mimi."

Mkewe akaishusha simu. Vidole vya mzee vikapapasa kile kifungo cha juu.

"Lakini sasa hivi ni saa nane?"

"Ni saa nane kamili."

"Basi mimi sikuchelewa."

"Hukuchelewa, mzee wangu."

"Atarudi lini?"

"Sijui. Nikijua nitakuja nyumbani kwako mwenyewe, kwa miguu yangu, nikwambie kwa mdomo. Na siku hiyo nitakuja kukuchukua."

Mzee alitikisa kichwa, ishara kwamba amesikia. Hakusema amesamehe, na Babu hakuthubutu kuuliza. "Acha nikae kidogo," alimwambia mkewe. "Nilijiandaa kukaa." Wakamwongoza mpaka lile benchi la dirishani, na Mama, aliyekuwa ameamka kitambo na kusikia yote, akasogea kumpisha.

"Wewe umeshafanyiwa?" mzee alimuuliza.

"Nimefanyiwa. Plasta wanafungua kesho."

"Hongera. Basi kesho ukifunguliwa, nifanyie hisani moja. Niangalizie huyu kijana ana sura gani."

Mkono wa Mama ukatambaa hewani kidogo, ukamtafuta mwanawe pale alipokuwa amesimama, ukampata kwenye kiganja.

"Ni mwanangu huyu," alisema.

Mzee akageuza macho yake meupe upande wa ile sauti.

"Basi mtazame vizuri," alisema, "kwa ajili yetu wawili."